Namba Nne na Mafuta ya Nguruwe

Akron, Ohio
9 Februari 1971

Dada Icie,

Nakusalimu kutoka mjini, nikitumaini karatasi hii itakukuta una afya na kuni za kutosha. Sisi tu wazima. Mke wangu Lorene amenunua zulia jipya la sebuleni, rangi ya siagi, limejaa kutoka ukuta hadi ukuta, na tangu liingie navua viatu mlangoni kwangu mwenyewe kama mgeni. Mguu wa kushoto unaniuma baridi ikizidi, lakini daktari anasema moyo wangu ni wa kijana.

Sasa nisikilize kwa makini, maana nina jambo kubwa. Kanisani kwetu kuna bwana anaitwa Whitcomb, mwenyekiti wa makumbusho ya reli hapa nje ya mji. Nilimweleza habari za Namba Nne, garimoshi la Baba lililokaa shambani kwetu tangu kiwanda cha mbao kifungwe. Dada, yule bwana alisahau kunywa kahawa yake. Anasema magarimoshi ya Shay, yale ya gia yaliyobeba magogo milimani, yamebaki machache sana duniani. Wanataka kulichukua, walipake rangi, waliweke ndani ya jengo lenye paa na taa. Mbele yake patakuwa na kibao cha shaba: "Zawadi ya Denzil Arbogast, dereva wake wa mwisho."

Kwa kuwa shamba na vyote vilivyomo tuliachiwa sisi wawili, sahihi yako inahitajika. Na garimoshi likishaondoka, sioni unabaki huko bondeni kufanya nini peke yako. Chumba chetu cha nyuma kiko wazi. Kina dirisha.

Kaka yako,
Denzil


Crooked Lick, Virginia Magharibi
1 Machi 1971

Kaka Denzil,

Barua yako ilifika imelowa, kwa sababu mtu wa posta aliiangusha kijitoni akaiokota. Niliikausha juu ya jiko, nikaisoma, nikatamani angeiacha majini. Mimi mzima. Theluji imefika dirishani. Jirani yangu Hobert amekwenda kung'olewa meno yote yaliyobaki, na sasa anatabasamu kuliko alipokuwa nayo. Ng'ombe amezaa ndama dume. Nimempa jina la Denzil, kwa kuwa analia sana na hana kazi anayofanya.

Haya, tuje kwa "dereva wake wa mwisho". Hapo nilikaa chini kwanza. Kaka, wewe ulikuwa mtu wa breki. Majira manne ya baridi ulirukaruka juu ya magogo na rungu lako ukikaza magurudumu ya breki mlimani, na ulikuwa hodari, sikunyimi haki yako. Lakini dereva alikuwa Baba. Wewe uliachiwa leva ya mvuke mara moja tu, siku Baba alipobanwa na tumbo. Ukaipiga honi kila kona ili wasichana wakuone, ukasahau kwamba honi nayo hula mvuke, garimoshi likakata pumzi katikati ya kilima. Wakata magogo wote wakashuka wakaenda kambini kwa miguu, huku wakimhurumia mama yako. Debe tupu haliachi kuvuma, na la kwako naona limefika hadi Ohio.

Na huyo Whitcomb anajua anachokitaka? Mwambie Namba Nne si lile garimoshi la kwenye kalenda. Boila lake limekaa upande kama kofia ya mlevi. Pistoni zake tatu zimesimama wima upande wa kulia, na ni upande huo tu wenye shafti na gia. Wa kushoto ni mtupu. Likitembea lilipiga kelele kana kwamba linawahi mwisho wa dunia, kumbe mwanamke mjamzito angeweza kulipita kwa miguu. Lakini lilipanda pale ambapo nyumbu walikaa chini wakakataa. Reli zikipinda, nalo lilipinda. Miaka ile nikipika kambini, unga ulikuja nalo, maharage yalikuja nalo, majeneza yalishuka nalo. Marehemu mume wangu Okey alikuja nalo akiwa hai na akaondoka nalo akiwa amefunikwa turubai.

Kiwanda kilipofungwa wenzake Baba walipewa saa za mkononi. Baba akapewa garimoshi, kwa sababu lilikuwa kuukuu mno haliuziki, na zito mno halitupiki. Sasa ni banda la kuku, na wanataga vizuri tu ndani ya tanuru. Sitii sahihi.

Kuhusu chumba chenu chenye dirisha, hata jela ina dirisha.

Ni mimi dada yako,
Icie


Akron
4 Aprili 1971

Dada Icie,

Pokea salamu. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa natafuta maneno ya upole. Nimemsomea Lorene barua yako, isipokuwa sehemu ya ndama. Mtoto wa dada yake ameoa tena, mke wa tatu huyu, na harusi ilikuwa nzuri kama mbili zilizotangulia.

Banda la kuku! Unasema hivyo bila haya. Kila nikija huko naona ubavu wa Namba Nne umebabuka kwa kutu na kinyesi cha kuku, nageuza uso. Miaka yote hii hujaligusa hata kwa kitambaa. Baba alikuwa akipangusa lile garimoshi kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Kama angeliona leo angekufa mara ya pili.

Whitcomb anasema hivi. Winchi kubwa haiwezi kupita juu ya daraja la bondeni. Kwa hiyo watalaza vipande vya reli mbele ya garimoshi, tingatinga livute, wang'oe vya nyuma na kuvilaza tena mbele, hadi barabara ya lami. Lakini hilo linawezekana tu kama magurudumu yanazunguka. Unajua jinsi lilivyo: magurudumu yote yameunganishwa na gia, moja likigoma yote yamegoma. Kama kutu imeligandisha, hawana la kufanya, wataliacha hapohapo.

Basi tukubaliane kama watu wazima. Waje walijaribu. Likitembea, lije Ohio na wewe uje, na shamba tuuze. Likigoma, libaki, nawe ubaki, na mdomo wangu nitaufunga. Sidhani una cha kuogopa, kwa jinsi ulivyolitunza.

Kaka yako,
Denzil


Crooked Lick
2 Mei 1971

Kaka Denzil,

Msimu wa vitunguu pori umefika. Nimevila na viazi na mayai mfululizo, na Jumapili kanisani nilipewa benchi zima peke yangu. Sijawahi kusikia mahubiri kwa raha kiasi kile. Ndama Denzil ameanza kula nyasi, yaani amekutangulia kwa bidii.

Nimekubali. Usiniulize kwa nini. Nimefikiri nikaona mimi na wewe tumedanganyana tangu utotoni, lakini chuma hakijui kudanganya. Wakija, kitasema chenyewe.

Waje Siku ya Kupamba Makaburi, maana siku hiyo ulipaswa kuwa hapa hata kama hakuna garimoshi. Mimi husafisha kaburi la Baba. La Mama ni zamu yako, na ukilitafuta mwaka huu chukua panga. Wenyewe tunasema mkataa kwao ni mtumwa, lakini labda huko Akron mna neno zuri zaidi.

Mwambie Lorene alete viatu vya matope.

Icie


Akron
7 Juni 1971

Dada Icie,

Tulifika salama. Lorene anashukuru kwa maharage na mkate wa mahindi. Viatu vyake vimetupwa.

Bwana Whitcomb amesikitika sana. Kama ulivyoona mwenyewe, waya wa chuma ulikatika mara mbili na magurudumu hayakuzunguka hata kidogo. Amesema yanayong'aa kwa nje si kitu, mtambo umeganda ndani, na haiwezekani kuusogeza. Basi libaki. Mimi ni mtu wa neno langu.

Nakuomba usiandike mengi juu ya jambo hili. Limekwisha.

Denzil


Crooked Lick
20 Juni 1971

Kaka Denzil, mtu wa neno lake,

Hatujambo, mimi na kuku. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yananifika gotini. Hobert amepata meno ya bandia na anayavaa wakati wa sala tu. Umeniomba nisiandike mengi. Tafuta kiti.

Asubuhi ile kabla hamjafika nilitoka na ndoo ya mchanga wa kijitoni. Konzi moja kwa kila gia ingetosha kulimaliza garimoshi, nanyi mngerudi Ohio mikono mitupu. Nilisimama pale nimeinua ndoo mpaka bega likaniuma. Kisha mchanga nikawamwagia kuku waogee.

Sikuweza, Denzil. Wewe ulidhani sijaligusa. Kila Novemba tukishachinja nguruwe, mafuta ya kwanza hayaendi jikoni, yanaenda kwenye zile gia. Nayayeyusha bila chumvi, maana chumvi hula chuma, navipaka mafuta shafti na gia na magurudumu kama mtu anayepaka watoto wake baada ya kuwaogesha. Baba alinionyesha mwaka aliokufa, na sijapata siku ya kuacha. Upande wa barabarani siugusi. Huo ndio ule upande mtupu, acha uote kutu, acha wapita njia waseme Icie mvivu. Mtu akiona chuma kinang'aa atakitamani. Niliwahofia wageni miaka yote, kumbe mwenye tamaa yuko Akron anavua viatu mlangoni.

Na angalia nilivyojipikia mwenyewe. Ningekuwa mvivu kama unavyosema, garimoshi lingeganda, lingekuwa langu hadi kufa. Kulipenda ndiko kulikoliweka tayari kuchukuliwa. Nilikaa ngazini nikiwaangalia mkifunga minyororo, nikajisemea, haya Icie, vuna ulichopanda.

Sasa nikueleze nilichokiona, kwa kuwa wewe umesahau. Ulizunguka peke yako upande wa kichaka, upande wa gia. Ukakaa huko hata Lorene akaanza kukuita. Uliporudi kidole chako kilikuwa kinang'aa mafuta. Ulikinusa, ukakifuta kwenye suruali yako iliyopigwa pasi. Ukaenda kusimama karibu na pipa la maji kama mtu aliyetumwa kitu akasahau ni kitu gani. Kisha ukapanda nyuma, kwenye behewa la makaa, palipo na gurudumu la breki.

Vijana wa Whitcomb wakaondoa kabari chini ya magurudumu. Whitcomb akapaza sauti, "Mzee Arbogast, breki umeifungua?"

Nawe ukamjibu kwa ile sauti yako ya kanisani, "Kijana, unajua unamuuliza nani? Breki hizi nilikuwa nazifungua kabla baba yako hajamjua mama yako!"

Watu wakacheka, yeye akaona haya, hakuuliza tena. Tingatinga likavuta. Waya ukalia, ukakatika. Wakafunga mwingine, nao ukakatika. Whitcomb akavua kofia kama yuko msibani. Hobert akanigeukia, "Icie, mbona unalia?" Nikamwambia ni moshi wa tingatinga. "Moshi unaenda kule," akasema. Nikamwambia akavae meno yake.

Mlipoondoka nilipanda behewa la makaa kutafuta mayai. Nikakuta gurudumu la breki limekazwa mpaka mwisho, na katikati ya mikono yake umepachikwa mpini wa jembe langu, lile lililokuwa limeegemea pipa la maji, sawasawa kabisa na jinsi watu wa breki walivyokuwa wakipachika marungu yao. Nilijaribu kuulegeza, nikashindwa. Nikamwita Hobert, tukauning'inia wote wawili. Mpini ulipoachia, Namba Nne likaanza kutembea. Ndiyo, kaka. Likateremka taratibu juu ya reli zake, halina hata mlio, laini kama siagi. Ilibidi niruke chini nitupe kabari, na mimi si msichana tena.

Kwa hiyo nakuuliza, mimi mshamba wa bondeni. Mtu aliyefanya kazi ya breki majira manne, tena dereva wa mwisho kwa kujitangaza, anawezaje kusahau kukaza ni upande gani na kulegeza ni upande gani?

Nasubiri jibu. Mpini wa jembe umevunjika, utanunua mwingine.

Dada yako,
Icie


Akron
3 Septemba 1971

Dada Icie,

Lorene mzima. Mguu unauma. Mimi ni mzee, husahau.

Denzil


Crooked Lick
26 Septemba 1971

Kaka Denzil,

Nimepokea barua yako ndefu. Niliigeuza nyuma nikidhani umeendelea huko. Nikaitikisa na bahasha, labda maneno mengine yameanguka njiani. Kiangazi kizima nimekaa nikingoja, na ulichoniletea ni mguu.

Majani yameanza kugeuka rangi. Ngano nyeusi imevunwa, mikate yake ya kikaangoni ni mizuri mwaka huu, nakula mmoja nabakiza mmoja, kisha naula na huo kwa kuwa hakuna wa kumbakizia. Hobert ndiye anayekamua ng'ombe siku hizi. Anapenda.

Mvua sasa inapiga upande wa gia, ule mti wa mwerezi uliokuwa ukikinga umeanguka. Nilitaka kuweka kipaa kidogo, lakini hilo ni jambo la kusubiri.

Usishangae mwandiko huu mbovu. Ni kalamu.

Icie


Akron
10 Oktoba 1971

Dada Icie,

Kalamu haiinamishi herufi kuelekea kushoto. Umevunja mkono gani, na ulikuwa juu ya nini?

Sikungoja jibu lako kwa sababu najua lingekuwa la ndama. Nilipiga simu dukani huko kwenu nikamwita Hobert. Amesema ni mkono wa kulia, na kwamba ulianguka kutoka juu ya boila ukiwa na turubai, na kwamba umemwapisha asiniambie. Alishikilia siri hiyo kama dakika moja. Icie, una miaka sitini na minane. Nimekasirika hata Lorene ameniambia nikae chini.

Sasa hili la pili. Whitcomb alinijia baada ya ibada. Anasema amelala na kuamka na Namba Nne, na mtambo unaong'aa vile kwa nje hauwezi kuganda ndani. Amepata tingatinga kubwa zaidi na anataka kurudi wakati wa masika. Kisha akaniangalia akasema polepole, "Mzee, ile breki."

Nilikuwa nimeandaa kusema nimezeeka, nasahau. Maneno yakakataa kutoka. Nikamwambia, "Niliikaza mwenyewe. Na ukileta tingatinga kubwa zaidi, nitaikaza zaidi."

Watu walikuwa wamesimama pale, mchungaji pia. Mimi nikatazama viatu vya Whitcomb. Halafu akauliza tu zile gia zinapakwa nini. Nikamwambia mafuta ya nguruwe, bila chumvi. Akatoa kalamu akaandika nyuma ya karatasi ya nyimbo. Anasema wana magarimoshi mawili ndani ya jengo lao lenye taa, na yote yameganda.

Ulitaka kujua kwa nini. Niliponusa kile kidole nilisikia harufu ya jikoni kwa Mama siku ya kuchinja. Nikakuona uko huko kichakani peke yako kila mwaka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na mimi huku nawasimulia watu kwamba nilikuwa dereva. Nikaona haya, Icie. Ndiyo maana niliandika barua fupi. Aibu haina maneno mengi.

Nimenunua mabati. Nakuja Jumamosi ya kwanza ya Novemba, yakiwa yamefungwa juu ya gari. Nguruwe nitachinja mimi na Hobert, mafuta nitayapaka mimi, wewe utakaa ngazini unitukane. Lorene anakuja pia. Ananiuliza afungashe nguo za wiki ngapi, na kila akiuliza natoka nje kukagua kamba za mabati.

Nakuomba kitu kimoja. Usiwatangazie watu kwamba Denzil Arbogast amerudi nyumbani uzeeni kwa ajili ya kipande cha chuma. Watanicheka.

Kaka yako,
Denzil


Crooked Lick
19 Oktoba 1971

Kaka Denzil,

Nashukuru Mungu na daktari, mkono unashika sawa, na ulimi haukuguswa. Nimehama chumba cha mbele. Godoro nimelianika, na blanketi ni lile zito.

Ombi lako limechelewa. Ulizungumza na Hobert kwa simu ya dukani, na ukimwambia Hobert jambo umelipigia kengele. Jana nilipokwenda kununua chumvi walikuwa wamejaa karibu na jiko, wamejiandaa. Mmoja akaniuliza, "Icie, ni kweli kaka yako anahama Akron kuja kulala na garimoshi?" Wakacheka wote. Hata mimi kidogo.

Kisha nikawaambia hapana. Nikawaambia Denzil anarudi kwa ajili ya dada yake.

Kicheko kikaisha. Muuza duka akaanza kupanga makopo yaliyokuwa yamepangwa tayari. Nililisema mbele ya watu, Denzil, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Usinifanye mwongo.

Icie